Kijani Kisichopakwa

Jua la Ulaya linapoanza kupata makali, mwezi wa Mei, maua ya waridi katika bustani za Ufaransa, Ujerumani, Italia na kusini mwa Uingereza hupata mgeni ambaye hata mtu asiyejali wadudu humwona. Ni mbawakawa mnene, mwenye urefu wa milimita 14 hadi 20, mgongo wake umebapa kidogo, kajizika nusu mwili katikati ya petali utadhani amelala. Anang'aa kijani cha zumaridi chenye dalili ya dhahabu, na jua likimpiga sawasawa mpita njia anaweza kudhani kuna kito kimedondoka ndani ya ua. Wajerumani humwita Rosenkäfer, yaani mbawakawa wa waridi. Carl Linnaeus, bingwa wa Uswidi aliyewapa viumbe wengi majina yao ya kisayansi katika karne ya 18, alimchagulia neno la Kilatini aurata, na leo jina lake kamili ni Cetonia aurata. Aurata maana yake ni aliyetiwa dhahabu, aliyepakwa.

Hapo kwenye kupakwa ndipo hoja yangu inapoanzia, kwa sababu mdudu huyu hakupakwa kitu. Kijani chake hakitokani na rangi yoyote iliyomo mwilini mwake, na ukiondoa umbo la gamba lake, kijani nacho kinaondoka. Linnaeus hana lawama, maana alimtazama kwa macho aliyokuwa nayo, kama sisi sote tunavyomtazama tukiwa tumesimama hatua mbili kutoka kwenye ua. Lakini umbali huohuo umezaa makosa mengine mazito zaidi kuliko jina. Nadai kwamba karibu kila hukumu tunayompa mbawakawa huyu tukiwa mbali, iwe ya kumsifu kwa uzuri au ya kumtia hatiani kwa uharibifu, inabadilika tukisogea karibu, na kwamba mabadiliko hayo yanapimika na kuonekana, hayategemei hisia za mtu.

Tuanze na rangi. Jani la mgomba ni la kijani kwa sababu ndani yake kuna klorofili, dutu inayonyonya mwanga mwekundu na wa buluu na kuuacha kijani urudi machoni mwetu. Ukilisaga jani hilo, utapata maji ya kijani. Gamba la mbawakawa wa waridi halina dutu ya namna hiyo. Chini yake kuna tabaka jeusi linalomeza mwanga, na juu ya tabaka hilo kuna nyuzinyuzi za kitini, ile dutu ngumu inayojenga magamba ya wadudu na ya kamba. Nyuzi hizo zimelazwa tabaka juu ya tabaka kama mikeka. Kila mkeka nyuzi zake zimelala sambamba, na mkeka unaofuata umegeuzwa kidogo kuliko ulio chini yake, na unaofuata hivyohivyo, hadi mpangilio mzima unakamilisha mzunguko na kuanza upya. Ni kama ngazi ya kuzunguka iliyo ndani ya mnara wa msikiti, ila mzunguko wake mmoja una kimo cha chini ya nanomita 400. Unywele wa binadamu ungetoshea mizunguko kama hiyo zaidi ya mia moja, mmoja juu ya mwingine. Kimo hicho ndicho kinachoamua rangi: mwanga wa kijani una urefu wa wimbi unaolingana na ngazi hiyo, hivyo unarudishwa nje, na mianga mingine inapenya hadi kwenye tabaka jeusi na kuishia humo.

Mtu anaweza kuuliza tunajuaje kwamba ni hivyo, na swali lake ni la haki, maana habari za nanomita ni rahisi kuzitamka na ngumu kuzishika. Ushahidi ulio karibu kabisa na mtu wa kawaida umo katika miwani ya sinema za 3D, ile ya aina inayotumika katika kumbi nyingi za kisasa. Lenzi za miwani hiyo zimetengenezwa kila moja ipitishe mwanga unaojizungusha upande mmoja tu: lenzi moja hupitisha unaozunguka kushoto, nyingine unaozunguka kulia. Mtazame mbawakawa wa waridi kwa lenzi moja na utamwona kijani kilekile kinachowaka. Funga jicho hilo, mtazame kwa lenzi ya pili, na mdudu yuleyule, juani palepale, anageuka mweusi kama kipande cha mkaa. Ua alilokalia halibadiliki hata kidogo, wala majani yanayolizunguka. Sababu ni kwamba ngazi ya nyuzi zake hujipinda upande mmoja tu, na mwanga unaorudi kutoka kwake unatoka ukiwa umezungushwa kushoto. Hakuna rangi ya kupaka inayoweza kufanya hivyo. Wa kwanza kuligundua jambo hili kwa mbawakawa alikuwa Albert Michelson, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Mwaka 1911 aliandika kuhusu mbawakawa wa dhahabu wa Amerika ya Kati, akieleza kwamba mng'ao wake hutoa mwanga unaozunguka, na akakisia kwamba siri imo katika umbo linalojipinda ndani ya gamba. Hakuwa na hadubini ya kuliona umbo lenyewe. Ilibidi kungoja hadubini za elektroni, na katika miaka ya 1960 Mfaransa Yves Bouligand akaueleza mpangilio huo wa mikeka inayozunguka kwa ukamilifu, hata leo wataalamu wanautaja kwa jina lake.

Ushahidi wa pili ni wa wakati. Rangi zinazotokana na dutu hufa: kitambaa huchujuka, picha hufifia, bawa la kipepeo wa manjano lililowekwa mwangani kwa miaka hupauka. Mbawakawa wa waridi waliochomwa sindano katika karne ya 19 na kupangwa kwenye droo za makumbusho ya Ulaya bado wanang'aa karibu kama siku walipokamatwa, kwa kuwa hawana cha kuchujuka. Maadamu ngazi imesimama, kijani kipo. Katika machimbo ya Messel, karibu na mji wa Darmstadt nchini Ujerumani, mbawakawa wa jamii nyingine ambao rangi yao hutokana na tabaka zilizopangana wamechimbuliwa kutoka kwenye mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 45, na magamba yao bado yanametameta kijani na buluu, ingawa vipimo vinaonyesha rangi zimesogea kiasi kutoka zilivyokuwa walipokuwa hai. Nyama na mafuta vyote vimekwenda. Mpangilio umebaki.

Wala si wadudu peke yao wenye ujenzi huu. Katika misitu ya Afrika, ikiwamo ya Tanzania, Uganda na Kongo, kuna mmea mdogo uitwao Pollia condensata unaozaa vijitunda vya buluu kali mno, vinavyometameta kama shanga za kioo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba buluu hiyo nayo haina dutu ya rangi: inatoka kwenye nyuzi za selulosi zilizolazwa mikeka kwa mikeka, kila mmoja umegeuzwa kidogo, vilevile kama gamba la mbawakawa wa Ulaya. Tofauti iliyopo ni ndogo na inavutia sana: seli nyingine za tunda huzungushia ngazi kushoto na nyingine kulia, ilhali mbawakawa hushika kushoto tu. Mmea na mdudu hawana undugu wa karibu hata chembe, wala mmoja hakujifunza kwa mwingine, lakini wote wawili wameufikia ufundi uleule wa kupata rangi isiyochujuka.

Sasa tumshushe mdudu kutoka kwenye ua na tumtazame kwa lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi. Kwanza kijani chenyewe kinaacha kuwa uwanda mmoja. Mgongo umejaa vishimo vidogovidogo, kama bati lililogongwagongwa kwa ncha ya msumari, na kila kishimo kinashika mwanga kwa pembe yake. Ndiyo maana mng'ao wake hauko kama wa kioo. Unaonekana laini na una kina. Mwinamishe kidogo na kijani kinasogea kuelekea buluu, kwa sababu mwanga unaoingia kwa mshazari unapita njia tofauti ndani ya ngazi. Pale mabawa magumu mawili yanapokutana na kifua pana pembetatu dogo, kali, lililochongoka kama ncha ya mkuki, na hiyo ni alama mojawapo ya kumtambulia. Kwenye mabawa kuna mistari mifupi myeupe iliyokatizana, mithili ya mikwaruzo ya chokaa, na hakuna wawili wanaofanana kabisa kwa mistari hiyo. Mgeuze chali na kijani kinakuwa shaba nyekundu, huku nywele za rangi hafifu zikiwa zimesimama pembeni. Katikati ya miguu ya kati kuna kifundo kilichotokeza mbele, cha mviringo kama kichwa cha pini. Kifundo hicho hakuna mpita njia anayekiona, lakini ndicho wataalamu wanachokitafuta kwanza, kwa kuwa ndugu yake wa karibu anayefanana naye kwa rangi ana kifundo kipana na bapa. Mwili mzima wa kijani unaweza kukudanganya, maana wapo mbawakawa wa waridi wa rangi ya shaba, zambarau, hata weusi, hasa kuelekea Bahari ya Mediterania. Kifundo kidogo hakidanganyi.

Kichwani kuna vipapasio viwili vifupi, na kila kimoja mwishoni kina vijisahani vitatu vinavyolaliana kama kurasa za daftari. Akitulia huvifunga, akitaka kunusa huvikunjua, na hapo eneo la kupokea harufu huongezeka papo hapo. Mdomo wake ndio ulionishawishi zaidi kwamba watu wanamtuhumu bila kumchunguza. Wadudu walao majani wana mataya magumu yenye makali, ya kukatia na kusagia. Mataya ya mbawakawa huyu ni dhaifu na laini, na sehemu za mdomo zilizo nyuma yake zimevaa brashi nene ya nywele. Kazi ya brashi ni kuzoa chavua na kunyonya mbochi. Miguu ya mbele, kwa upande wake, ina meno matatu yaliyotokeza nje, ambayo jike huyahitaji anapochimba kwenye mboji kutaga mayai. Basi hata bila kumwona akifanya lolote, mtu anaweza kusoma maisha yake mwilini mwake: huyu anakula maua, na ana shughuli kwenye uozo.

Kuruka kwake pia kunaeleweka kwa karibu tu. Mbawakawa wengi, kama yule mwekundu mwenye madoa saba meusi, huinua mabawa yao magumu juu kama milango ya gari kabla ya kukunjua mabawa laini ya kurukia. Mbawakawa wa waridi hayafungui. Anaruka yakiwa yamefumba mgongoni, kwa mngurumo kama wa nyuki mkubwa. Ukimtazama ubavuni utaiona sababu: ukingo wa bawa gumu, nyuma kidogo ya bega, umekatwa mbonyeo mdogo, na mabawa ya kurukia huchomozea hapo. Kwa hiyo ngao yake inabaki mahali pake hata angani. Ndugu zake wakubwa wa kwetu wana ujenzi huohuo. Goliathi, mbawakawa mkubwa kama ngumi ya mtoto anayepatikana katika misitu ya Kongo, Uganda na magharibi mwa Kenya, yumo katika nusufamilia moja na mbawakawa huyu mdogo wa Ulaya, na yeye pia huruka na ngao imefumbwa. Atakayekuwa na goliathi mkononi atazame nyuma ya bega lake. Atakuta mbonyeo uleule, mkubwa zaidi.

Pingamizi la kwanza linalonijia ni hili: kama rangi inatokana na ujenzi wa gharama namna hiyo, lazima iwe na shabaha, na shabaha iliyo dhahiri ni kupendezana. Labda mwanga unaozunguka kushoto ni lugha ya siri ambayo sisi hatuioni na wao wanaiona, dume na jike wakitambuana ndani ya maua. Wazo hilo si la kipuuzi. Mwaka 2010 majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba mbawakawa mmoja wa huko, wa familia hiihii, huitikia mwanga unaozunguka kwa namna tofauti na mwanga mwingine. Lakini mbawakawa wa waridi mwenyewe alipopimwa, pamoja na jamaa zake watatu, katika majaribio ya watafiti wa Hungary yaliyotangazwa mwaka 2012, matokeo yalikuwa mengine. Waliwekewa mianga ya aina mbalimbali wakati wa kutafuta chakula na wakati wa kutafuta mwenzi, na hawakuonyesha kuvutwa na ule unaozunguka. Mimi nayachukua matokeo hayo kwa uzito wake. Mnyama anaweza kubeba kitu cha ajabu mwilini bila kukitambua, kwa sababu tu namna bora ya kujenga gamba gumu ikaleta na nuru. Mikeka inayogeuzwageuzwa huzuia ufa usipenye moja kwa moja. Mafundi wa mbao nao hulaza tabaka za plaiwudi kwa kupishana kwa sababu hiyohiyo. Ugumu wa gamba na rangi yake vinatoka kwenye mpango mmoja.

Pingamizi la pili ni la akili ya kawaida: mdudu anayewaka namna hii anajitangaza kwa ndege, na uhai hauwezi kuvumilia hasara hiyo vizazi kwa vizazi. Hapa tena umbali unatupoteza. Sisi tunamwona juu ya waridi la pinki, ambalo ni ua la bustani lililopandwa na mtu. Ndege anamwona katikati ya majani mabichi yenye umande na vidoa vya jua, ambako kila kitu kinametameta. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza walitangaza jaribio walilofanya kwa magamba ya mbawakawa mwingine anayemetameta, wa Asia. Walibandika juu ya majani magamba halisi yanayobadilika rangi na mengine yaliyopakwa rangi moja, yote yakiwa na chambo cha buu chini yake. Ndege waliyakosa yale yanayometameta mara nyingi zaidi. Watu waliotumwa kuyatafuta nao walipata shida hiyohiyo. Rangi inayobadilika kila jicho linaposogea huvunja umbo la mwili, na jicho linashindwa kusema mdudu anaanzia wapi na anaishia wapi. Sisemi kwamba jaribio hilo linamwelezea mbawakawa wa waridi kwa kila kitu, maana gamba lililotumika si lake. Linatosha, hata hivyo, kuibomoa dhana kwamba kung'aa na kujificha haviwezi kukaa mwili mmoja.

Pingamizi la tatu ndilo la watu wenye bustani, nami naliheshimu kuliko yote, maana wao wana kitu cha kupoteza. Wanasema: uzuri wake tumeusikia, lakini anakula waridi zetu. Ni kweli. Brashi yake inazoa chavua, na katika kuzoa huvuruga stameni na kutafuna petali laini, hivyo ua lililofunguka vizuri asubuhi linaweza kuonekana limechakaa jioni. Kusini na mashariki mwa Ulaya, jamaa zake wadogo wenye manyoya mengi huleta hasara halisi katika mashamba ya miti ya matunda wakati wa kuchanua. Lakini tupime uzito wa shtaka lililo mbele yetu. Mbawakawa wa waridi hagusi mizizi ya mmea wala shina lake. Ua alilolila lilikuwa na siku chache tu za kuishi, na mwaka unaofuata mwaridi unachanua kama kawaida. Tena akitoka hapo anahamia kwenye vichaka vya porini vyenye mafungu ya maua madogo meupe, akiwa na chavua imenasa kwenye nywele za tumbo, na kazi ya kuchavusha inafanyika bila yeye kuikusudia. Ujerumani imemweka katika orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria; kumuua au kumkusanya hakuruhusiwi. Naona uamuzi huo ni wa busara, na sababu yake kubwa iko chini ya lundo la mboji, mbali na waridi.

Huko ndiko anakoishi sehemu kubwa ya umri wake. Jike hutaga kwenye mboji, samadi kuukuu, majani yaliyooza au kisiki kinachomeguka, kisha hufa. Mabuu yanayoanguliwa ni meupe, manene, yenye vinywele na makunyanzi, yamejikunja kama herufi C. Chakula chao ni kitu kilichokwisha kufa. Wanatafuna mbao laini na majani yaliyooza, na bakteria waliomo tumboni mwao huyavunjavunja yale ambayo mdudu peke yake asingeyaweza, kisha hutoa vijidonge vikavu vya kinyesi ambavyo ni chakula cha mimea. Buu akikomaa hujijengea kifuko cha udongo, vipande vya mbao na vijidonge hivyohivyo, akazilainisha kuta za ndani na kugeuka pupa humo. Toka yai hadi kufa, maisha yake mara nyingi huchukua miaka miwili, na muda anaoonekana juu ya maua ni miezi michache. Kumhukumu kwa waridi pekee ni sawa na kumhukumu mkulima kwa siku aliyokwenda arusini.

Balaa ni kwamba buu huyu anafanana, kwa mtazamaji wa haraka, na buu wa mbawakawa mwingine wa Ulaya aitwaye Melolontha, ambaye kweli ni adui: hutafuna mizizi hai ya nyasi, mboga na miche ya miti, na mimea hunyauka bila mwenye shamba kujua kinachotokea chini. Kwa hofu ya huyo, watu wakifukua mboji na kukuta mabuu meupe huyamwaga yote juani au kuwapa kuku. Jambo hili halina mpaka wa bara. Kwetu pia, katika marundo ya samadi na visiki, wamo mabuu wa jamii ya goliathi na mbawakawa wa maua wanaoozesha taka bila kumdhuru mtu, na wamo pia mabuu wa yule mbawakawa wa minazi ambaye watu wa pwani humwita chonga, na ambaye akishakomaa hutoboa moyo wa mnazi. Wote ni weupe, wote ni wanene, wote wamejikunja. Anayeua wote anaondoa mafundi wa mbolea yake pamoja na wezi.

Kuna atakayesema kwamba mkulima hana muda wa kuhesabu nywele za buu, na kwamba hadubini ni ya maabara. Hilo lingekuwa pingamizi zito kama tofauti zingekuwa za kihadubini. Si za kihadubini. Buu wa mbawakawa wa waridi ana kichwa kidogo na miguu mifupi mno, na sehemu yake ya nyuma ni nene kuliko ya mbele. Buu wa Melolontha ana kichwa kikubwa cha kahawia chenye mataya ya kutisha, na miguu mirefu inayoonekana bila shida. Yote hayo mtu anayaona kwa macho matupu akiinama. Na kuna kipimo kingine kisichohitaji hata kuinama sana, ambacho Jean-Henri Fabre, yule Mfaransa wa Provence aliyeandika mabuku kumi ya habari za wadudu kati ya 1879 na 1907, alikieleza kwa mshangao. Miguu ya buu huyu ni dhaifu kiasi kwamba haimfai kutembelea juu ya ardhi. Mgongo wake, kinyume chake, umejaa mikunjo yenye vinywele vifupi vigumu vinavyoshika sakafu kama brashi ya kusugulia, na misuli ya mgongo huo ina nguvu za kutosha kuusukuma mwili mzima mbele kwa mawimbi, mkunjo baada ya mkunjo.

Basi mwenye lundo la mboji akikuta buu mnene mweupe, aokote mmoja na kumweka juu ya ubao mkavu au sakafu ya saruji, kisha angoje. Buu wa Melolontha atabaki amejikunja, akijiburuta kwa ubavu. Buu wa mbawakawa wa waridi atakaa kidogo, atajinyoosha mwili wote, atajigeuza chali, na miguu yake midogo sita ikiwa imeelekea angani bila kazi, ataanza kutambaa kwa mgongo kurudi gizani.